Barua kutoka Glasgow: ruhusa ya kubaki



Huku Glasgow mtu akitaka kujua mtaa wako hukuuliza, "Where do you stay?" Mtanzania na Mkenya hulipokea swali hilo kwa furaha, maana ndivyo tunavyosema Kiingereza chetu. Kwetu kukaa ni kuketi, ni kubaki na ni kuishi, kwa hiyo anayekaa Tabata au Kawangware husema "I stay" bila wasiwasi. Ukivuka mpaka kwenda England, "stay" huwa la mgeni wa hotelini, au la aliyekuja wiki mbili kwa shangazi yake. Mwenye makazi husema "live". Afisa wa uhamiaji uwanjani anayeuliza utafikia wapi na anayeuliza unaishi wapi hawaulizi jambo moja. Mwenye viza ya matembezi, ambayo kwa kawaida haizidi miezi 6, akijibu "I live with my sister", amejitangaza mkazi kabla hajaruhusiwa kuingia.

Lakini neno ninalotaka mlijue kuliko yote ni "leave". Shuleni tulifundishwa kwamba ni kuondoka. Kazini tukasikia fulani yuko leave, yaani likizo. Halafu mtu anafika Uingereza, anapokea barua ya Wizara ya Mambo ya Ndani imeandikwa "leave to remain", na moyo unamwenda mbio: anaambiwa aondoke au abaki? Anaambiwa ana ruhusa ya kubaki. Katika Kiingereza cha kale yalikuwa maneno mawili yenye asili tofauti, moja la ruhusa na jingine la kuacha, na kadiri karne zilivyopita yakafanana sauti na maandishi. Likizo yetu ya kazini nayo imetoka kwenye lile la ruhusa: umeruhusiwa kutokuwepo. Sheria ya Uhamiaji ya 1971 inalitumia hilohilo. Tarehe 23 Juni 2016 wapiga kura wakawekewa maneno haya haya mawili, Leave na Remain, waamue kama nchi itoke Umoja wa Ulaya, na asilimia 51.9 wakachagua kutoka. Safari hii "leave" lilikuwa lile la kuondoka.

Sasa nifike kwenye linaloniuma. "Indefinite" si "permanent". Watu wetu huyaita yote mawili "ya kudumu", wakisherehekea kibali chao kana kwamba safari imekwisha. "Indefinite leave to remain" ni ruhusa isiyoandikwa tarehe ya mwisho, basi. Ukikaa nje ya Uingereza zaidi ya miaka 2 mfululizo inakoma, na ukitaka kurudi kuishi huku unaomba upya kama mkazi anayerejea, ukithibitisha mambo mengi. Mfikirieni mtu aliyewatunza wazee wa hapa miaka mingi, kisha akaenda Moshi kumuuguza mama yake. Mama haugui kwa ratiba ya wizara.

Hata asiyetoka hana uhakika kamili. Watu wa Karibi waliohamia kabla ya tarehe 1 Januari 1973 walipewa ruhusa hiyo na sheria yenyewe, wengi wao bila karatasi yoyote mkononi. Baadaye wakadaiwa ushahidi wasiokuwa nao, wakakosa kazi na matibabu, wengine wakafukuzwa nchini. Mwaka 2018 ndipo kashfa hiyo, inayoitwa ya Windrush, ilipolipuka hadharani. Haki walikuwa nayo muda wote.

Mkenya ana njia nyingine, kwani Katiba ya 2010 inamruhusu kuwa na uraia wa nchi mbili. Mtanzania mtu mzima akiuchukua wa Uingereza anaupoteza wa kwao, na ndiyo sababu wengi wetu tunaishi na "indefinite" hiyo hadi uzeeni. Basi wewe unayepanga kurudi nyumbani kwa muda mrefu, andika tarehe utakayopandia ndege, uhesabu miaka 2, na umwone mwanasheria wa uhamiaji kabla ya kukata tiketi. Na mwenzako aliyekwisha kwenda, mpigie simu leo umuulize ametoka lini.

Wenu wa ughaibuni.