Kaye tano za mwenzetu



Wengi wenu mnajua kwamba mwenzetu mmoja wa kikundi ameandika riwaya yake ya kwanza. Aliiandika usiku, watoto wakisha kulala, katika kaye tano. Inasimulia mama muuza samaki na ile siku ya soko, tarehe 15 Julai 1871, watu wa wafanyabiashara ya watumwa walipopiga bunduki hapa Nyangwe. Mamia walikufa, wengi wao wanawake, wengine kwa risasi, wengine ndani ya maji ya Lualaba. Livingstone aliona, akaandika, Ulaya wakasoma. Tippu Tip, aliyetawala Kasongo, naye aliandika maisha yake kwa Kiswahili, yakachapishwa Ujerumani mwaka 1902 na 1903. Wauza samaki hawajasema bado. Ndiyo maana kaye zile tulizifanya mzigo wetu sote.

Tulianza vibaya. Mtu mmoja mjini alijiita mchapishaji, akaomba dolari 400 kwanza, na kaye zenyewe abaki nazo. Tulikuwa tayari kumpa pesa za likelemba. Mama mzee wetu akauliza neno moja tu: "Amekwisha kutoa kitabu gani? Nionyesheni kimoja." Tulinyamaza. Jioni ile pesa zilirudi kwa wenyewe, na mwenzetu alilia.

Basi tulijifunza hivi. Mwenye mashini ya kupiga chapa unamlipa, anakupa vitabu, na kuviuza ni kazi yako. Si vibaya, mradi unajua. Mchapishaji anachagua muswada, anausahihisha, anaweka pesa yake, kisha anamlipa mwandishi sehemu ya mauzo. Pia, kaye ya asili haitoki nyumbani. Inayotoka ni nakala.

Tena, usipeleke samaki kwa muuza nguo. Tunaijua Médiaspaul ya Kinshasa, lakini vitabu vyake vilivyotufikia ni vya Kifaransa. Tukageuza macho mashariki, kwenye wasomaji wa riwaya za Kiswahili. Dar es Salaam kuna Mkuki na Nyota, aliyoianzisha Walter Bgoya mwaka 1991. Kuna pia tuzo ya Kiswahili iliyoanza 2014 kwa jina la Mabati-Cornell, baadaye Safal-Cornell, inayopokea hata miswada isiyochapishwa. Mwaka 2015 mwanamke, Anna Samwel Manyanza, aliipata kwa riwaya yake Penzi la Damu.

Hapo tuligombana. Wengine walisema tubadilishe maneno yote yawe ya Tanzania, tusichekwe. Mwenzetu akakataa: "Yule mama wa sokoni hakusomea Unguja." Mwisho tulipatana: masimulizi yatanyooshwa, lakini wamama wa soko watasema kama tunavyosema sisi.

Sasa sura mbili zimekwisha kupigwa mashini Kasongo, pamoja na barua fupi ya kueleza kitabu. Tutapeleka kwa mchapishaji mmoja, tungoje, na akikataa tutapeleka kwa mwingine. Pesa ya likelemba italipa mashini na fotokopi tu.

Jumamosi tutasoma sura ya tatu kwa sauti. Kila mama aje na neno moja la soko alilosikia kwa bibi yake. Mwenzetu atakuwa na kaye ya sita na bic.