Nilijua, Nikaendelea Kuuza

Akina mama wa soko la Kabongo niliwadanganya. Mwanzoni nilikuwa naamini ninachowaambia, na kwa hilo ningeweza kusamehewa. Lakini ilifika siku nikaujua ukweli, na mzigo uliokuwa umebaki dukani nikaumaliza kwa maneno yale yale. Hili la pili ndilo ninaloliungama.

Tarehe 30 Desemba 2017 serikali ya Waziri Mkuu Bruno Tshibala ilitoa amri ya kukataza kutengeneza, kuingiza, kuuza na kutumia mifuko na sashe za plastiki nchini mwetu Kongo. Amri haikushika sana. Mpaka leo karanga na chumvi zinafungwa katika sashe. Ila mimi niliyekuwa nikifuata bidhaa Lubumbashi niliona riziki imefunguka. Kule palikuwa na mifuko laini ya rangi, yenye mikono ya kushikia, ukiigusa unadhani umegusa kitambaa. Aliyeniuzia kwa jumla aliniambia ni ya nguo na kwamba inaoza. Sikumuuliza imetengenezwa na nini. Nikarudi Kabongo nikitangaza: "Mama, hii ni kama pamba. Ikizeeka itupe shambani, itageuka mbolea." Hata baada ya misa niliombwa niwaeleze waumini, nami nikasimama mbele yao nikayarudia.

Aliyenifumbua macho ni dada mmoja fundi wa kushona, jirani wa duka langu. Alitaka kuushonea mfuko wake kipande cha kitenge, akaunyoosha kwanza kwa pasi ya makaa. Mfuko ukaganda kwenye pasi, ukayeyuka. "Papa, hii ni plastiki," akaniambia, huku akikwangua pasi yake kwa kisu. Nikachukua kipande nikakiwasha kwa kiberiti. Kilijikunja kikadondosha matone, na yalipopoa yakawa magumu kama shanga. Pamba ikiungua hunuka kama karatasi na kuacha jivu. Pale hapakuwa na jivu.

Nilichokuwa nauza ni polipropileni. Punje za plastiki huyeyushwa na kusukumwa katika vitundu vidogo mno, zikatoka nyuzi nyembamba kuliko unywele. Nyuzi hizo hutandazwa bila mpangilio juu ya mkanda unaotembea, kisha hupitishwa kati ya rola za moto zinazozigandisha pamoja. Chukua mfuko wako uutazame kwenye mwanga: vile vidoa vilivyojipanga safu kwa safu ni alama ya rola. Hapakufumwa kitu, hapakusokotwa kitu, ndiyo maana kitambaa hiki hutoka haraka na kwa bei ndogo. Barakoa tulizovaa wakati wa Korona, zile za hospitali, ni hicho hicho. Mavazi ya chumba cha upasuaji, tabaka la juu la pedi na la nepi za watoto, hata vitambaa vinavyotandikwa chini ya barabara ili udongo usichanganyike na kokoto, vingi hutengenezwa kwa njia hii. Huko kinafanya kazi ya maana na sitamkataza mtu.

Udongo ndio nilioukosea. Mfuko huu ukikaa nje, jua la kiangazi huukausha na kuukata nyuzi. Ukiushika unapukutika mkononi. Mtu anasema umeoza. Haujaoza, umegawanyika tu, na kila kipande kinabaki plastiki. Nimeona nyuzi za buluu kwenye matuta ya muhogo ya watu walioniamini. Hakuna mbolea pale.

Kwa nini niliendelea? Nilikuwa na deni, na karo ya watoto ilikuwa inasubiri. Tena nilijituliza kwa kusema: hata hivyo ni bora kuliko sashe. Neno hilo ndilo linaloniuma zaidi, kwa maana lingeweza kuwa kweli. Shirika la mazingira la Uingereza, Environment Agency, lilitoa mwaka 2011 uchunguzi uliokadiria kwamba mfuko wa aina hii sharti utumike mara 11 au zaidi ndipo madhara yake kwa hali ya hewa yawe madogo kuliko ya mfuko mwepesi wa plastiki wa kutumia mara moja. Wa pamba, ambao wengi wetu tungeuita safi bila kufikiri, mara 131. Kwa hiyo ningewaambia akina mama "utunzeni, uosheni, utieni kiraka", ningekuwa nimewauzia kitu chema. Mimi niliwaambia wautupe.

Na ilikuwa mifuko dhaifu, mkono ulionekana kupitia upande wa pili. Tanzania, baada ya kukataza mifuko ya plastiki Juni 2019, ilitaka mifuko mbadala ya kitambaa hiki kisichofumwa isipungue gramu 70 kwa mita ya mraba. Kenya mwaka huo huo ilitangaza kuikataza kabisa, kwa sababu viwanda vilikuwa vinatoa myembamba isiyodumu. Yangu isingepita mpaka wowote kati ya hiyo.

Kitambaa kisichofumwa na kinachooza kweli kipo, tena cha Kiafrika: lubugo la Waganda, gome la mti wa mutuba linalopondwa kwa nyundo za mti mpaka lilainike, na ambalo UNESCO ililitambua mwaka 2005. Wambuti wa Ituri nao hupondaponda gome. Mimi nilikuwa nauza jina la kitu kama hicho juu ya plastiki.

Wewe uliyenunua kwangu: usiuzike mfuko shambani, wala usiuwashie mbabula, moshi wake si wa kuvuta karibu na watoto. Ukiwa bado mzima, endelea kuubebea unga na samaki, na uuweke kivulini. Ukipasuka, ulete dukani. Nitakurudishia pesa yake, na nitakueleza mwenyewe, uso kwa uso, kwamba nilijua.