Ndege mweupe na mweusi wa Ziwa Kivu



Mwezi uliopita nilimpeleka binti yangu wa miaka minane Idjwi, kumsalimia nyanya yake. Asubuhi tulipanda boti ya mbao pale Bukavu, tukabanana kati ya mifuko ya chumvi na bidoni za mafuta. Ziwa lilikuwa limetulia. Wavuvi wa sambaza walikuwa wanarudi kutoka kazi ya usiku, na juu ya mti mrefu wa mtumbwi wao alikaa ndege mweupe mwenye mistari na madoa meusi.

“Mama, ile ndege inaitwaje?”

“Ni ndege ya maji.”

“Lakini Mama, hata bata ni ndege ya maji!”

Watu wakacheka. Mimi mwalimu, mwenye diploma yangu, nikanyamaza. Mama mmoja mwuza ndizi akamwambia mtoto: “Jina litakuja, mwanangu. Kwanza angalia anafanya nini.”

Tukaangalia. Ndege aliruka, akasimama hewani mahali pamoja, mabawa yakipiga haraka, mdomo ukielekea chini. Mara akajitupa majini kama jiwe, akatoka na sambaza.

Tuliporudi nilitafuta kitabuni. Ni mdiria, kwa Kifaransa, martin-pêcheur pie. Ukisafiri na watoto, mtamtambua hivi: urefu wake ni kama sentimita 25, mdomo ni mrefu na mweusi, ana kishungi kichwani, na rangi zake ni mbili tu, nyeupe na nyeusi. Usimchanganye na mnandi, ambaye ni mkubwa zaidi, huogelea, kisha hutanua mabawa yake kwenye jua ili yakauke. Tena tazama kifua: dume ana mikanda miwili myeusi, jike ana mmoja tu, nao mara nyingi umekatika katikati. Samaki mdogo anaweza kummeza akiwa angani, ndiyo maana unamkuta hata mbali na ukingo.

Lakini kuna jambo lililonichoma moyo. Mdiria hajengi juu ya mti. Baba na mama huchimba shimo refu katika ukingo wa udongo au mchanga, na huko ndani hulea watoto wao. Wakati mwingine kijana wao wa kiume wa mwaka uliotangulia hubaki nao, akiwaletea wadogo zake samaki, sawa na watoto wetu wakubwa wanaotusaidia kulea.

Nikakumbuka. Mwaka jana wanafunzi wangu waliniletea ndege wa namna hiyo hiyo, amekufa, wamempiga kwa manati karibu na mashimo ya ukingoni. Waliniuliza ni ndege gani. Niliwaambia: “Tupeni, mnawe mikono.” Sikuuliza kama mashimoni mlikuwa na watoto.

Jumatatu niliwaomba msamaha darasani, nikawachorea mdiria ubaoni, mikanda miwili na mkanda mmoja. Mvulana mmoja aliinua mkono, akauliza: “Mwalimu, yule wetu alikuwa baba au mama?” Sikuweza kumjibu, kwa sababu sikuwa nimemwangalia.

Wamama, mtoto akikuuliza jina la ndege nawe hulijui, mwambie hujui. Kisha simameni pamoja, mwangalie.