Ukurasa wa "Al"

Zama za utoto wangu, Unguja mjini, mtoto alikuwa na masomo mawili kwa siku moja: asubuhi skuli, kwa Kiingereza cha ubao na chaki, na jioni, baada ya sala ya alasiri, chuoni kwa maalimu, ambako alifundishwa herufi za Kiarabu, zipi hutamkwa wazi na zipi humezwa. Elimu hizi mbili zilikaa vichwani mwetu kama wapangaji wa nyumba moja wasiopeana hata salamu, na hapana mwalimu wa upande wowote aliyetuambia kwamba walikuwa na udugu.

Huko skuli tulikuwa na daftari la maneno, lililopangwa kwa herufi za mwanzo. Palikuwa na ukurasa wa "kn", wenye "knife" kisu, "knee" goti na "knot" fundo, ambamo "k" huandikwa isitamkwe. Palikuwa na ukurasa wa "wr", wenye "write" kuandika na "wrong" kosa. Na palikuwa na ukurasa wa "al", ambao ndio ulionishughulisha umri wangu wote. Humo niliandika "algebra" kuwa hesabu za herufi, "alcohol" kuwa kileo, "alcove" kuwa kijumba kilichoingia ukutani, "almond" kuwa lozi, na chini yake "also", "alone" na "always". Tuliyahifadhi maneno hayo kwa moyo, kila neno na maana yake, wala haikutupitikia kuuliza kwa nini yamekutana.

Mabadiliko yalianzia chuoni. Maalimu alipofika kwenye lamu ya shamsia na lamu ya kamaria, akatufundisha kwamba ile "al" inayotangulia jina la Kiarabu kulijulisha hutamkwa kamili mbele ya baadhi ya herufi, na mbele ya nyingine lamu yake humezwa, hakutupa mifano ya mbali.

"Wanangu," alisema, "mnasema alfajiri, mnasema alasiri, mbona hamsemi aldhuhuri?"

"Maalimu, sisi tunasema adhuhuri," akajibu mmoja wetu.

Naye akatuonyesha kwamba lamu imemezwa hapo, nasi tumekuwa tukiimeza tangu kujua kusema, na kwamba Alhamisi imetufikia pamoja na "al" yake, ilhali kitabu, kalamu na sukari ziliiacha njiani. Tangu hapo sikuweza tena kuutazama ukurasa wangu wa skuli kwa jicho lile la kwanza.

Jawabu lilinijia taratibu, nilipokuwa mtu mzima na kupata kamusi ya Kiingereza yenye kutaja nasaba ya maneno. Asili ya "alcohol" ni "al-kuhl", nayo ni wanja, ule wanja wa manga ambao mama zetu walijipaka machoni. Wanja uligeukaje kileo? Wanakemia wa kale waliliita kwa jina hilo vumbi lolote lililosagwa hata likawa laini kabisa; kisha jina likahamia kwa kila kitu kilichosafishwa mpaka kikabaki kiini chake; hatimaye likatua kwenye roho ya mvinyo ipatikanayo kwa kukeneka. Samuel Johnson, katika kamusi yake iliyotoka London mwaka 1755, bado alizitaja maana zote mbili, ya mvinyo na ya unga laini. Leo hiyo ya unga imekufa, na jina la pambo la macho ya wanawake wa Kiislamu limekuwa jina la kitu kilicho haramu kwao. Sijapata kuona neno lililosafiri mbali zaidi ya hilo.

"Algebra" nayo ni "al-jabr", maana yake kuunga kilichovunjika na kukirejesha mahali pake. Muhammad bin Musa al-Khwarizmi, aliyeandika kitabu chake cha hesabu katika Baghdad ya Khalifa al-Ma'mun, karne ya 9, alilitumia kwa kazi ya kukirejesha kiasi kilichopunguzwa upande mmoja wa mlinganyo kwa kukiongeza pande zote mbili. Na mwaka 1145 Mwingereza Robert of Chester akakifasiri kitabu hicho kwa Kilatini mjini Segovia. Walakini ile maana ya mifupa haikupotea upesi. Kiingereza cha zamani kilijua "algebra" iliyo uganga wa kuunga mifupa, na katika sehemu ya pili ya Don Quixote ya Cervantes, iliyotoka mwaka 1615, yumo "algebrista" anayemganga mtu aliyeumia. Lau ningaliambiwa haya skulini, kwamba mwalimu wa hesabu na muunga mifupa wa mtaani kwetu wanaweza kuitwa kwa jina moja, ningalilipenda somo lile mara mbili.

Kwa nini basi "al" imo katika maneno haya, na haimo katika "sugar" na "cotton", ambayo nayo asili yake ni Kiarabu? Sababu ni njia. Huko Andalus, ambako utawala wa Waislamu ulianza mwaka 711 ukamalizikia Granada mwaka 1492, Wahispania waliyasikia majina pamoja na "al" yake wakayachukua hivyo hivyo, na hata leo husema "azúcar" na "algodón". Bali Waitalia waliyapokea matupu, "zucchero" na "cotone", na Waingereza wakayapata matupu vilevile kupitia Ufaransa. "Alcove" ilipita Hispania, nayo ni "al-qubba", kuba hii tuijuayo sisi, iliyoshuka kutoka juu ya jengo ikawa pembe ya kuwekea kitanda.

Mengine yamejificha nje ya ukurasa ule. "Lute" ni "al-ud", udi wa taarabu yetu, uliopoteza irabu ya mbele ukabaki na lamu peke yake. "Azimuth" ya mabaharia na wanafalaki ni "as-sumut", na lamu yake imemezwa na sini kwa kanuni ile ile ya adhuhuri. "Almond" haimo katika ukoo huu, maana imetoka kwa Wayunani, "amygdale", na "l" yake iliingia baadaye. Wala "also", "alone" na "always" hazimo, kwa kuwa "al" yao ni "all" ya Kiingereza chenyewe.

Siku hizi vijana wanaonijia kwa msaada wa Kiingereza huwaanzia na adhuhuri. Mmoja wao, msomi wa kompyuta, aliniuliza habari ya "algorithm", nikamweleza kwamba hiyo ni nisba ya mtu, al-Khwarizmi yule yule, kwa matamshi ya Walatini, na kwamba nisba ni ya Khwarizm, nchi iliyo kusini ya bahari ya Aral.

"Na 'alphabet', babu?" akauliza hapo hapo.

Nikamwambia hiyo si "al" ya kujulisha, bali ni mwanzo wa "alfa" ya Wayunani, waliyoipata kwa Wafoinike, nayo ni ndugu wa damu wa alifu aliyoanza nayo chuoni.