Mfanyakazi Wetu: Mwana wa Nyumba au Mtu wa Nje?



Ndugu zetu wapenzi, siku moja baada ya sala ya Isha mzee mmoja wa hapa Nyamirambo alitushika mkono, akatuomba tukae naye kidogo nje ya msikiti. Yeye na ndugu zake wana duka la jumla kule Mateus, malori mawili, na ofisi ndogo ghorofani inayoshika hesabu za familia nzima. Akasema: "Ustadhi, vijana wa siku hizi wana nini? Katika mwaka mmoja nimeondokewa na watatu. Nawalea kama wanangu, kisha wananikimbia."

Wa tatu alikuwa karani wa hesabu, kijana tuliyemfundisha Qur'ani tangu utotoni. Ndiye aliyejua mteja gani anadaiwa, na ndiye aliyeijua mashine ya EBM na hesabu za kodi. Aliondoka zikiwa zimebaki siku chache kufika tarehe 15, siku ya mwisho ya kupeleka taarifa ya VAT. Familia nzima ilikesha ikifukua karatasi.

Mzee akatutuma tumrudishe. Tulikwenda na nasaha zetu mdomoni, tukidhani kijana ameahidiwa fedha nyingi. Alitusikiliza kwa adabu, kisha akasema: "Ustadhi, huku nilipo mshahara ni uleule. Kule, kukiwa na mzigo wa kushusha Jumapili usiku, mimi ni mwana wa nyumba. Mke wangu alipojifungua nikaomba siku mbili, nikaambiwa kazi ni kazi. Nilikaa miaka sita bila mkataba. Mtoto wa mzee alipomaliza masomo, nilinyang'anywa funguo mbele ya wateja, wala sikuambiwa nimekosa nini."

Tukataka kumjibu habari ya subira. Kabla hatujafungua mdomo akauliza: "Na yule mwalimu mwenzenu yuko wapi siku hizi?"

Hakukusudia kututahayarisha, lakini alitutahayarisha. Yule mwalimu alisomesha nasi miaka minne. Ada za wazazi zilipochelewa tulimwambia kazi hii ni ya Allah, asubiri. Akasubiri miezi mitatu. Katika miezi hiyohiyo umeme wa madrasa tuliununua kila ulipokwisha, kwa sababu usiponunuliwa taa huzima. Mwalimu hakuzima, kwa hiyo tulimweka mwisho. Jumamosi moja hakuja. Tukasikia anaendesha pikipiki ya abiria. Watoto wawili aliokuwa akiwahifadhisha nao wakaacha kuja.

Ndugu zetu, hapa ndipo penye ugonjwa. Mwenye mali na mwalimu wa dini tulikuwa na kosa moja: undugu wa upande mmoja. Tunapomhitaji mfanyakazi, yeye ni mwenetu. Yeye anapotuhitaji, ni mtu wa nje. Kampuni kubwa haimwambii karani kwamba yeye ni mwana wa nyumba, kwa hiyo hana cha kudai zaidi ya kilichoandikwa. Sisi tunasema neno kubwa, halafu hatulilipi.

Tazameni kisa cha Nabii Musa (A.S.) katika Suratul Qasas. Alifika Madyan hana kitu, akaingia katika kazi ya familia ya mzee mwenye mabinti wawili. Binti ndiye aliyetoa shauri aajiriwe, akataja sifa mbili, nguvu na uaminifu, na baba akalisikiliza shauri lake. Kisha masharti yakasemwa wazi: miaka minane, na akitimiza kumi ni hiari yake. Mzee akaongeza kwamba hataki kumtaabisha. Musa alikuwa akienda kuwa mkwe, yaani mtu wa nyumba kweli, na bado mkataba ulitajwa. Wanazuoni wamepokea kwamba alitimiza muda ule mrefu zaidi.

Basi tuliporudi kwa mzee hatukwenda kumshitaki kijana. Tulimweleza na aibu yetu wenyewe, ndipo naye akalegea. Tukapatana mambo haya, na tunayaleta kwenu:

Kwanza, mkataba uandikwe. Sheria ya kazi ya Rwanda ya mwaka 2018 inakubali mkataba wa mdomo kwa siku zisizozidi 90 tu. Kuandika si kukosa kuaminiana.

Pili, haki zisigeuzwe kuwa hisani. Mchango wa pensheni wa RSSB tangu Januari 2025 ni asilimia 12 ya mshahara, nusu ya mfanyakazi na nusu ya mwajiri. Likizo ya mwaka ni siku 18 za kazi. Asiyepewa haya hawezi kufurahia mbuzi wa Idi.

Tatu, ujira ulipwe kwa wakati. Mtume (S.A.W.) ametufundisha kumlipa mfanyakazi kabla jasho lake halijakauka. Sisi tunaoyasomesha haya ndio tungeanza.

Nne, mtoto wa mwenye mali aanze kazi chini ya aliyemtangulia, ajifunze kwake. Na aliyekosa aambiwe faraghani, si mbele ya wateja.

Tano, wakati wa Ijumaa, msiba na uzazi upangwe mapema kwa zamu, mtu asiombe kama anayeomba sadaka.

Mzee aliwaandikia wote mikataba. Binti aliyeingia katika ile ofisi ya ghorofani baadaye yuko mwaka wa pili sasa, na mwana wa mzee hujifunza hesabu kwake. Karani wa zamani hakurudi, ila hupita kuwasalimia, na mzee husema hilo limempunguzia uzito.

Sisi nasi tulikusanya ile miezi mitatu, tukampelekea mwalimu wetu pale anapoegesha pikipiki yake. Alihesabu, akatuombea dua, akavaa kofia yake ya usalama. Hakurudi. Mwalimu tuliye naye leo hulipwa kwanza, kisha ndipo umeme. Siku mbili tumesomesha kwa taa ya simu.

Ndugu msomaji, usiku wa leo mtaje moyoni yule anayefungua duka lako au anayemsomesha mwanao. Je, unamdai undugu ambao wewe humlipi?

Wabillahi tawfiq.