Tranka la Mkopo

Mpwa wangu amemaliza kidato cha sita. Juzi tulikuwa tunajaza maombi ya mkopo kwenye simu, akaniuliza, "Mjomba, wewe ulitoka Mlimani ukidaiwa shilingi ngapi?" Nikamjibu serikali haikunidai hata senti. Akadhani namtania.

Mlimani, yaani Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, nilikwenda mwaka 1985. Nimeutazama tena kwenye kitambulisho changu cha zamani. Ada, chakula na malazi vilikuwa juu ya serikali. Hata nauli: kwa waranti ulipanda meli Bukoba, ukashuka Mwanza, ukaingia treni hadi Dar es Salaam, maana meli na treni vyote vilikuwa vya Shirika la Reli. Mzazi alibakiwa na nguo na tranka.

Tranka nililipata kwa mzee mmoja mwenye duka karibu na soko. Duka lile lilinukia mafuta ya taa, sabuni, na kahawa ya kutafuna iliyofungwa kwa jani la mgomba. Msimu wa senene ukifika, husikii harufu nyingine. Sukari ilikuwa ya foleni miaka ile, lakini matranka mzee hakukosa, yamepandana nyuma ya mizani. Aliyechaguliwa chuo alipewa kwa mkopo, baba alipe ushirika ukishanunua kahawa. Daftarini mzee aliandika jina la mtoto, si la baba. Kisha akatia ndani mche wa sabuni ambao hakuuandika popote, akafunga kufuli, akakukabidhi ufunguo: "Nenda, usituaibishe." Ushirika ulichelewa kulipa. Naye alisubiri, wala hakutuma mtu nyumbani kudai.

Mwanzoni mwa miaka ya 1990 kukaja kuchangia gharama. Bodi ya Mikopo ikaanza kazi Julai 2005. Leo kuna wanaopata bumu, yaani fedha za mkopo, na wanaolikosa, na ukiajiriwa unakatwa asilimia 15 ya mshahara. Silaumu kukatwa, watoto ni wengi kuliko sisi, na fedha zisiporudi wa nyuma watasoma na nini? Linaloniuma ni yatima kuambiwa athibitishe uyatima wake. Shemeji yangu, baba wa mpwa huyu, tulimzika mtaa mzima, lakini cheti chake cha kifo lazima kihakikiwe na RITA, wakala wa usajili wa vizazi na vifo, na dirisha la maombi linakaribia kufungwa.

Dada yangu amekopa kwenye kikoba kwa ajili ya godoro, nauli na ada ya kuanzia. Rejesho la kwanza ni mwezi ujao, kabla chuo hakijafunguliwa.