Mapishi Tumeyarithi, Mwendo Tumeuacha

Wahenga walinena kwamba kawaida ni kama sheria. Methali hii niliikariri tangu shule ya msingi, lakini maana yake nimeipata mwaka huu, nikiwa na umri wa miaka 28, daktari aliponipima shinikizo la damu mara tatu kisha akanisomea tarakimu: 150 kwa 95. Aliniuliza kuhusu ukoo wangu. Nikajibu kwa fahari kwamba babu yangu wa Kibokoni aliishi miaka 91.

"Aliishije?" akauliza. Sikuwa na jibu.

Tangu hapo nimekuwa nikiyachambua maisha ya marehemu kama mtu achambuavyo matini. Chakula chake hakikuwa cha ajabu: mahamri kwa mbaazi asubuhi, wali wa nazi kwa samaki mchana. Hata mimi hula hivyo. Tofauti imo miguuni. Kabla ya alfajiri alishuka ngazi, akapita vichochoroni hadi Msikiti wa Mandhry, unaosemekana kujengwa mwaka 1570. Kwenda na kurudi kulimchukua dakika 10 hivi, naye alienda mara tano kwa siku. Hizo ni dakika 350 kwa wiki, ilhali Shirika la Afya Duniani linahimiza angalau 150. Marikiti alikwenda kwa miguu, akarudi na kikapu. Jioni aliketi barazani na wenzake kwa kahawa chungu, na siku asipoonekana walikuja kubisha hodi. Hakuna aliyeyaita hayo mazoezi. Mji wa Kale ulijengwa kabla ya magari. Wenyewe uliwatembeza wakazi wake.

Mimi je? Hushinda nimeketi mbele ya vitabu, hupanda tuktuk hadi mlangoni, na chai yangu haipungui vijiko vitatu vya sukari.

Hata hivyo, nilipomtaja babu kwa daktari, nilimsahau nyanya. Naye alikula chungu kile kile, katika nyumba ile ile, lakini alifariki kwa kiharusi akiwa na miaka 63. Nyendo zake ziliishia jikoni na uani, na sikumbuki kusikia kwamba aliwahi kupimwa shinikizo la damu. Sidai kwamba kuta ndizo zilizomwua. Nasema tu kwamba kawaida iliyomtembeza babu ndiyo iliyomketisha nyanya, nami, mjukuu wake wa kike, nilikuwa nikiifuata bila kujua.

Siku hizi, kila alasiri, mimi na mama hutembea hadi ufuo wa Mama Ngina. Chumvi tumeipunguza, tukikumbuka kwamba kiwango kinachopendekezwa kwa mtu mzima hakifiki gramu 5 kwa siku. Juma lililopita kipimo changu kilikuwa 138 kwa 88. Daktari amesema bado. Mama naye, kwa mara ya kwanza maishani mwake, alikunja mkono wa buibui akapimwa.

Kawaida ikiwa ni sheria, basi hii nayo tunaitunga.